Mla Watoto

Filamu ilipoanza, Nyakuoth aliomba stima ipotee. Lodwar stima hupotea hata isipoombwa, lakini mchana ule ilikaa imara, na sura ya mama yake ikajaa ukutani mwa ukumbi wa ofisi.

"Ebu ona macho ya huyu mama," Sally, mwenzake wa ofisini, alimnong'oneza. "Unamjua? Si ni wa kwenu huko Kakuma?"

"Kakuma ni kubwa," Nyakuoth alijibu.

Njia ya mwongo ni fupi, na Nyakuoth alikuwa amefika mwisho wa yake. Alipopata kazi ya ukalimani katika ofisi hii, alimwambia Sally kwamba mama yake alifia Nasir, Sudan Kusini, kabla hawajavuka mpaka. Sally alilia naye. Longor, mkuu wao, alimpa pole mbele ya watu wote. Sasa marehemu alikuwa ukutani, mzima kabisa, amejifunga kilemba, anasonga ugali.

Nyawal, mama yake, alikuwa kiziwi tangu homa ya utotoni, na hakuwa na maneno ila mikono na uso. Ndiyo sababu Mugure, mpiga filamu kutoka Nairobi, alimchagua. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ina lugha nyingi kuliko mabomba ya maji, kwa hiyo Mugure alitengeneza filamu fupi zisizo na maneno kuhusu homa, chanjo na maji machafu, kisha akarudi zake Nairobi. Zilionyeshwa jioni kwenye shuka jeupe lililofungwa ubavuni mwa lori, na kila mtaa wa kambi ulichagua mtu wake wa maiki, wa kuwaeleza wenzake kwa lugha yao kinachoendelea. Nyawal aliigiza majirani, wakunga na mashangazi. Hakuwahi kuwa mhusika mkuu, lakini akitokea yeye hakuna aliyemtazama mwingine.

Ubaya ulikuwa kwa mtu wa maiki wa mtaa wao. Wema hauchekeshi, na mtu huyo alipenda kuchekesha. Katika filamu ya homa, Nyawal alipombeba mtoto wa jirani mwenye homa na kukimbia naye hospitali, maiki ilisema, "Haya, shikeni watoto wenu. Mla Watoto kashapata kitoweo." Watu walishika mbavu, wakaomba irudiwe. Kuanzia hapo walikuja kumwona Mla Watoto, habari za chanjo wakaziacha hapo hapo. Jina likamganda.

Naye Nyawal alikaa mbele kabisa, chini ya shuka. Aliona watu wakicheka, hakusikia sababu, akacheka nao. Watoto walipomkimbia wakipiga mayowe, aliwakimbiza, akidhani ni mchezo. Wanawake walipovuta madumu yao na kumwachia bomba, aliinamisha kichwa kuwashukuru kwa heshima waliyompa. Nyakuoth aliyaona hayo yote, na aibu ilimla mpaka akahama. Hakuwahi kumweleza mama yake lolote. Angeanzia wapi?

Ukutani, Nyawal alikuwa amefika hospitali. Hapa hapakuwa na maiki, ni projekta tu ikivuma. Alimlaza mtoto kitandani, akarudi nyuma, akabaki ameikunja mikono yake kana kwamba bado amembeba. Longor alikohoa akatazama dari. Sally alikuwa anafuta machozi kwa leso.

"Huyu angekuwa mama yangu," Sally akasema, "ningemtembeza hii Lodwar yote."

Nyakuoth alitamani ardhi ipasuke immeze.

Taa ziliwashwa, na Mugure akasimama mbele. "Hizi ni filamu za kitambo kidogo," alisema, "na leo mmeziona vile nilizipiga, bila mtu wa kuwaelezea. Lakini sikukuja peke yangu. Nimetoka Kakuma asubuhi na mwenyewe."

Mlango ulifunguliwa. Nyawal akaingia amevaa gauni jipya, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Nyakuoth aliinama, akajifanya anatafuta kiatu chini ya kiti.

Haikusaidia. Mama aliyelea mtoto bila kumsikia akilia humtambua hata kwa mgongo. Nyawal alipita katikati ya viti, akamwinua, akamshika mabega na kumgeuza awaelekee watu. Kisha mikono yake ikaanza kusema. Aligusa masikio yake, akaonyesha ukuta, akagusa koo la Nyakuoth, halafu akaifungua mikono kama anayetaka kuukumbatia ukumbi wote. Uso wake ulijaa furaha.

Mugure alitikisa kichwa akicheka. "Ishara zake ni za nyumbani kwao. Mimi mwenyewe hunishinda, huwa namwonyesha tu, naye anafanya."

"Nyakuoth," Longor akaita, "si hiyo ndio kazi yako? Kuja utusaidie. Huyu mama anasema nini?"

Watu wakangoja. Hakuna mwingine pale aliyeielewa mikono ile. Nyakuoth angeweza kusema lolote, nao wangeamini. Nyawal alimpigapiga mgongoni kumhimiza, kama mama anayemtuma mtoto mwenye haya kwenda kusalimia wageni.

"Ni mama yangu," Nyakuoth akasema.

Sally alishusha leso polepole.

"Anasema asanteni," Nyakuoth akaendelea. "Anasema hata kule Kakuma watu walimpenda hivi hivi, kwa sababu maiki nilikuwa nimeishika mimi."