Suti ya Bwana Harusi

"Makabati ya juu yamejaa," mhudumu wa ndege alimwambia bwana harusi. "Ama suti ishuke kwenye mizigo, ama ushuke nayo."

Roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu mjomba amchagulie suti, na mke. Kulabu ya hanga ya suti ilikuwa inamkata kidole, lakini sasa hata hakuisikia. Nani angemlaumu? Ndege imemkataa.

"Basi nashuka," alisema.

"Ushuke uende wapi?" akadakia mama mmoja, akiteremsha begi lake na kulipakata. "Weka hapa, mwanangu. Mwenzio anakusubiri!"

Abiria wakapiga makofi na vigelegele. Mlango wa ndege ukafungwa.

Alipoketi, akatazama kidole. Alama ya kulabu ilikuwa imekizunguka kama pete.