Picha Mbili za Baba Kidoti

Tiki! Swichi ikazimwa, giza likameza sebule nzima: kochi, meza, na rundo la nguo lililokuwa likisubiri pasi.

"Umeme umekatika, au ndiyo masomo?" sauti ya mumewe Mama Kidoti ikauliza kutoka kwenye stuli.

"Ndiyo masomo. Tulia."

Mama Kidoti akapapasa, akawasha taa ya mezani, ile ya shingo ndefu. Miguu ilimwaka moto. Kutwa alikuwa amesimama dukani akipima vitambaa, jioni akakimbilia darasani, na sasa alikuwa na kamera ya chuo ambayo kesho asubuhi lazima irudi. Mwalimu wa upigaji picha alitaka picha mbili za mtu mmoja, ya huzuni na ya furaha, na anayepigwa asicheke wala asinune. "Uso unyamaze," alisema, "taa na kamera ndizo ziseme."

Atakayefanya vizuri kuliko wenzake angechukuliwa kazi studio. Mama Kidoti aliitaka kazi hiyo kufa na kupona, maana mumewe, fundi mitambo wa kiwandani, alikuwa amechoka mpaka mabega yamelala.

"Sasa nifanye nini?" mume akauliza.

"Usifanye kitu. Kaa kama gogo."

"Hilo naliweza."

Kidoti, binti yao wa darasa la kwanza, akaangua kicheko. Yeye kazi yake ilikuwa kushika shuka jeupe.

Wakaanza na huzuni. Mama Kidoti akaisogeza taa upande mmoja, kivuli kikala nusu ya uso. Akapanda juu ya kochi, akapiga kutoka juu, ili mtu aonekane mdogo, kama alivyofundishwa. Akatazama kioo cha kamera, nywele zikamsisimka. Picha moja tu, na ilikuwa imetoka!

"Jamani, kumbe naweza," akajiambia.

Furaha ndiyo ikamtoa jasho. Akaielekeza taa ukutani ili mwanga usambae. Wapi! Akapiga magoti, akapiga kutoka chini ili mume arefuke. Wapi! Uso ulikuwa umepoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

"Baba Kidoti, mbona umekaza uso hivyo?"

"Si umesema gogo?"

"Basi kuwa gogo lenye afya!"

Zamu mpya hiyo ya usiku wa manane kiwandani, aliwaza. Tangu ibadilike, mumewe ndiye aliyempeleka Kidoti shule asubuhi na kumrudisha mchana. Usingizi sijui alikuwa akiupatia wapi. Afadhali kitu kimoja: ovaroli siku hizi ilirudi bila tone la grisi, na yeye mwenyewe alikuwa amepumzika kuisugua.

Mwisho akaiweka taa nyuma ya shuka. Mwanga ukapita pale ukiwa umelainika, mwororo kama wa alfajiri. "Inua, mwanangu. Hapohapo." Akapiga magoti tena, akabofya.

Ikatoka. Machoni mwa mume mlikuwa na cheche mbili, mashavu yamejaa, mtu ana furaha na mdomo haujasogea hata kidogo. Mama Kidoti akajibwaga sakafuni, hajui acheke au alie kwa uchovu.

"Nikipata studio, zamu hiyo utaiacha," akasema. "Utapumzika, mume wangu."

Mumewe akakohoa kidogo, akainama kukaza kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea.

Ilibaki kuzijaribu picha kwa jicho la mtu asiyejua mambo ya taa. Akamwita Kidoti, akamwonyesha ile ya pili.

"Baba yukoje hapa?"

"Amefurahi."

"Ehee! Na hapa je?"

Akamwekea ile ya kwanza, huku maelezo yote yakiwa tayari ulimini: taa ilikaa wapi, kivuli kilitoka wapi, kwa nini mama alipanda juu ya kochi. Kidoti akaishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama kwa utulivu, kama mtu anayekutana na sura aliyoizoea.

"Hapa Baba yuko vilevile kama anavyokaa kutwa, na ovaroli yake safi, kwenye benchi nje ya shule yetu, akingoja tutoke."