Nyama Mpya, Moja kwa Wiki

Kipande cha kwanza cha bandama kilikuwa kidogo, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Binti alikikatakata mpaka kikawa kama uji, akakichanganya na nyama ya ng'ombe ya kusaga, akakatia humo humo vitunguu viwili. Kisha akanawa mikono na kufungua daftari: "Wiki ya tano. Bandama. Tuone."

Maagizo ya daktari wa mifugo yalibandikwa kwenye mlango wa friji. Mstahiki, dume la mbwa la mama mwenye nyumba, alikuwa hajui nyama nyingine ila ya ng'ombe, mbichi. Sasa azoeshwe. Nyama mpya moja kwa wiki. Siku ya kwanza kidogo tu, ndani ya ile aliyoizoea, halafu ongeza polepole. Tazama ngozi, tazama tumbo, andika. Tumbo likichafuka, rudi nyuma. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: kitunguu marufuku, kwa mbwa ni sumu.

"Kusoma unajua?" mama alimuuliza siku alipokuja kuomba kazi, macho yakiwa kwenye simu.

"Nimefika la saba, mama."

"La saba linamtosha mbwa."

Hakumuuliza kwao wapi wala yeye ni wa nani. Angeinua uso tu angeiona sura ya yule msichana ambaye yeye mwenyewe alimfukuza miezi mitatu nyuma.

Yule alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alikutwa jikoni akitafuna kipande cha nyama ya Mstahiki alichokikaanga kwa chumvi, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Mama hakugomba. Aliwaita rafiki zake watatu waliokuwa sebuleni, akaweka bakuli la nyama mbichi sakafuni.

"Si unapenda chakula cha mbwa? Basi kile kama mbwa. Mikono nyuma."

Wale rafiki walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu arudi nyumbani, mdogo wake hali na watu. Huchukua sahani yake akaenda kujibanza nyuma ya mlango, na mama yao akimwita haitiki.

Ndiyo maana dada mtu aliifuata kazi ile ile, nyumba ile ile. Alikuwa amejiapiza kwamba hatoki humo mpaka alipize kisasi.

Mlinzi wa getini ndiye aliyemtambua, na hakuchukua hata wiki mbili.

"Dada'ngu, wewe na yule mtoto mmefanana mpaka mwendo. Na kwenye taka naona maganda ya vitunguu kila siku. Mbwa akianguka humu, mimi nitasema nilikuwa nimelala?"

"Mbwa sina ugomvi naye, kaka."

"Aliyekula vya mbwa ni mdogo wako."

"Ndiyo. Lakini si mbwa aliyemlisha."

Mlinzi alimtazama, akatazama kisu ambacho binti alikuwa anakinoa kwenye ukingo wa ngazi, akarudi kwenye kibanda chake kulinda magari yasiyokuja.

Binti hakuwa na haraka. Alikuwa na subira ya mtu aliyepanga ndoo akingoja mgao wa maji. Wiki ya kwanza mapafu. Ya pili koromeo. Ya tatu kiwele, na hicho kikachafua tumbo, akarudi nyuma siku mbili kama maagizo yalivyotaka. Siku mbili hizo mama hakushuka kunywa chai. Alishinda kitandani akiwalaumu watu wa semina aliyohudhuria na samaki waliomlisha. Ya nne ikawa utumbo, tena ule usiooshwa, kwa sababu daktari aliandika kwamba ukioshwa nguvu yake yote huenda na maji.

Mstahiki alinawiri. Manyoya yalimlala kama yamepakwa mafuta, na mama akafurahi mpaka akaingia jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kufika, macho yakiwa bado kwenye simu.

"Kumbe una mkono, wewe binti. Mbwa anang'aa, na mchuzi wako siku hizi una ladha ya peke yake."

"Ahsante, mama. Ni kufuata maagizo tu."

Wiki ya sita ilipoisha, Jumapili mchana, wale rafiki watatu walikuja kula. Mama aliwapakulia mwenyewe, akawasifia mchuzi kabla hata hawajauonja. Walikuwa kwenye sahani ya pili daktari alipofika. Akasema ameshakula kwake. Alimpandisha Mstahiki kwenye mizani, akampapasa mbavu, akamwangalia masikio, akaridhika. Akaomba daftari.

"Mwandiko mzuri huu," alisema, na akaanza kusoma kwa sauti ili mwenye mbwa asikie. "Mapafu: amekula yote. Koromeo: ameomba aongezwe. Kiwele: tumbo limechafuka, siku mbili. Utumbo: amefuta sahani kwa mkate."

Daktari akacheka. Mama naye akacheka, shavu limejaa, na rafiki zake wakamfuata.

"Binti, mbwa gani huyu anayefuta sahani kwa mkate? Haya, niambie, katika zote hizi ipi aliipenda zaidi, tumwendeleze nayo?"

Binti alikuwa ameshavua aproni, ameikunja vizuri na kuiweka juu ya kiti. Mkoba wake ulikuwa begani.

"Mstahiki hajaonja hata moja, daktari. Yeye anakula minofu ya mama. Zake anakula mama, na leo amekaribisha wageni."