Makabidhiano ya Zamu

Muuguzi haondoki zamu kabla ya kumkabidhi mwenzake wagonjwa. Kwa hiyo asubuhi ile Mwanakheri alimzungusha mumewe, Hemedi, nyumba nzima.

"Bomba hili linaharisha tangu juzi," alisema jikoni. "Nimelifunga bendeji. Likizidi, muite fundi."

Redio ilikuwa ikipoteza fahamu, lakini ikipigwapigwa mgongoni huzinduka. Mlango wa mbele ulikuwa na baridi yabisi, ukilia kila ukifunguliwa. Upakwe mafuta kutwa mara mbili; dozi ya asubuhi alikuwa ameshaupa. Paka hakuwa na ugonjwa wowote, alitaka kudekezwa tu.

Hemedi alimfuata nyuma akiuliza kila kitu, hata dozi ya mlango, maana alijua maswali yakiisha watatoka. Leo aliyekuwa anakwenda kulazwa, apasuliwe moyo, alikuwa Mwanakheri mwenyewe.

"Na muuguzi, mke wangu, anaendeleaje?"

"Anaogopa," alisema. "Hilo usiliandike popote."

Akaibandua saa yake ya kazini kifuani, akambandikia mumewe kwenye shati. Saa zile huning'inia kichwa chini, ili asome aliyezivaa. Hemedi akainama kuitazama. Mwanakheri akaufungua mlango, na safari hii haukulia.