Anayefungua Mwaka

Mwaka wa fedha wa chama cha wakulima wa kahawa kule Mabira huanza Julai na kuisha Juni, na una sharti moja: mtunza ghala aliyeufungua ndiye anayeufunga. Siku ya mwisho hujifungia ndani kwa komeo, akahesabu magunia peke yake.

Baba yake Mackrine aliufungua Julai iliyopita. Aprili wakamzika mgombani.

Mchana huo wa mwisho wa Juni, Mackrine, aliyerithi kazi ya baba yake, alisukuma mlango wa ghala ukagoma. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Labda komeo limejifunga lenyewe," alisema mwenyekiti wa chama, huku akirudi nyuma.

Ndipo wakasikia gunia likiburutwa. Halafu sauti ikahesabu taratibu kwa Kinyambo, ikikatizwa na kikohozi kile kile kilichomuua mzee. Vumbi la maganda ya kahawa likatoka chini ya mlango, kana kwamba ndani kuna mtu anafagia.

Mackrine alishika tumbo. Jumatatu alikuwa anatakiwa hospitali ya Nyakahanga kwa upasuaji.

Hesabu ikakoma.

"Shikamoo, baba," alinong'ona.

"Marahaba. Wangu nimeufunga, sasa napumzika." Sauti ilikuwa imeuegemea mlango. "Kesho nani anaufungua mpya?"

Mackrine akauma midomo. Vipi akiufungua, halafu asiamke?

"Mackrine!" mwenyekiti akapayuka, tayari anakimbia. "Ataufungua Mackrine!"

Komeo likavutwa.