Mkanda wa Jelimo

Umeme ulikuwa umezimwa, lakini wana-kondoo hawakutaka kuvuka.

Mto ulifurika alfajiri, na maji yalikwisha kuwafika matumboni. Kwa sheria, kila mtoto, wa mtu au wa mfugo, huvaa mkanda wa umeme unaomchoma akikaribia mpaka wa boma la kwao: mwana-kondoo shingoni, mtoto wa mtu mkononi. Kondoo wakubwa, waliozaliwa kabla ya sheria, walishapanda kilimani na sasa walikuwa wakiwaita watoto wao. Wana-kondoo waliitika, ila walipofika pale walipozoea kuchomwa wakasimama.

"Vukeni, wajinga nyie! Hakuna kitu!" Kimosop alifoka, kisha akaanza kuwavusha wawili wawili, mmoja kila kwapa.

Mkewe, Tabutany, akapiga kelele kutoka kilimani, "Baba Jelimo! Mtoto yuko uani, namwita haji!"

Kimosop aliwaweka chini wawili aliokuwa nao, akakimbia. Jelimo, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amesimama langoni, maji yakimpita magoti, macho kwa mama yake.

"Mbona hutoki, na mama anakuita?"

"Nitachomwa, baba."

"Umeme nimezima."

"Najua."

Akambeba.

Wana-kondoo walikuwa ishirini na watatu. Aliwavusha wanane. Kumi na watano walichukuliwa na maji, wakiwemo wale wawili aliowaweka chini. Jelimo ni mzima. Mkanda baba yake aliukata siku ileile, na mwaka umepita. Hadi leo, akifika langoni, husimama akasubiri kubebwa.