Maji ya Sili

Uima aliinama na kikombe cha udongo mkononi. Sili aliyewindwa, mnyama wa bahari ya baridi, alilala mwambani, matone yakimning'inia kwenye sharubu. Kabla ya kuchunwa, sili hunyweshwa maji ya chemchemi na kuagwa kwa lugha ya zamani ya watu wa pwani. Leo neno la mwisho lilikuwa limempotea Uima.

Dada yake, mwingine pekee aliyelijua, walimzika majira ya baridi.

"Mama, muage kwa lugha ya kwetu," mke wa mwana wa Uima, binti wa wafugaji, alimtania. "Kwani masikio anayo wapi huyu?"

"Nyamaza, mnywa maziwa wewe!"

Binti akacheka. Akapiga magoti, akamfunika sili macho kwa kiganja, kama marehemu alivyozoea. Kisha akalitamka lile neno.

"Nani kakufundisha?"

"Mlidhani mkamua ng'ombe naye hana masikio?"